Taa Inayoimba: Kuunda Amplifaya ya Valvu Kianda

Jioni Kianda, mtaa mmoja wa Kibera jijini Nairobi, sauti huingia kabla ya giza. Kwaya inafanya mazoezi katika kanisa la mabati, kinyozi amewasha sabufa mlangoni, na kule steji ya Olympic matatu zinashindana kwa muziki. Karibu kila sauti hiyo imepitia amplifaya kabla ya kufika sikioni. Na karibu kila amplifaya hiyo ni kipande cheusi chenye miguu ya chuma, kidogo kama ukucha, kisichoonyesha lolote. Kikiungua, fundi hukitoa akaweka kingine, kazi ikaendelea. Kilivyofanya kazi na kilichokiua hubaki siri yake.

Mimi nilitaka kuiona siri hiyo kwa macho. Ndiyo maana kwa majuma matatu meza yangu, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ilijaa vipande vya amplifaya ya valvu: sanduku la chuma lenye matundu, transfoma tatu nzito, valvu tatu za kioo, mfuko wa rezista na kapasita, na karatasi ya mchoro. Seti za namna hii huuzwa zikiwa vipande vitupu, na mnunuzi huunganisha kila kitu mwenyewe. Mtoto wa jirani alichungulia mlangoni akauliza, “Kwani hizo ni taa?” Aliuliza vizuri kuliko alivyojua, maana valvu kweli ni mtoto wa taa.

Miaka ya 1880, Thomas Edison alipokuwa akiboresha balbu zake kule Marekani, iligundulika kwamba umeme uliweza kuruka kutoka waya wa moto hadi kipande cha chuma kilichowekwa kando yake ndani ya kioo kilichotolewa hewa. Mwaka 1904, mjini London, John Ambrose Fleming alikigeuza kioja hicho kuwa kifaa. Kwa kuwa kiliruhusu umeme upite upande mmoja tu, kama vali ya bomba inavyoruhusu maji, akakiita valvu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza waya wa tatu katikati, yaani gridi, na hapo mlango wa kukuza sauti ukafunguka.

Miaka hiyo Nairobi ilikuwa kituo kichanga cha reli, kwani treni ilifika mwaka 1899. Kibera ilikuwa msitu, na hilo ndilo jina lake hasa: kibra kwa Kinubi ni msitu. Humo ndimo walimopewa makazi askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles. Utangazaji wa redio ulipoanza Nairobi mwaka 1928, mitambo ya kutangazia na redio za majumbani zote ziliendeshwa kwa valvu. Mwaka 1949 redio ya valvu iliundwa mahsusi kwa wasikilizaji Waafrika. Harry Franklin, aliyesimamia habari na matangazo mjini Lusaka, alishirikiana na kampuni ya Ever Ready kutoa redio ya betri iliyokaa ndani ya umbo la sufuria. Iliuzwa kwa pauni 5, na watu wakaiita kwa jina la sufuria hiyo. Kwa hiyo valvu si mgeni Afrika. Ndiyo iliyoleta sauti ya kwanza ya mbali katika nyumba zetu.

Sasa tuingie ndani ya kioo. Katikati kuna kijiti chembamba, kathodi, kilichopakwa oksidi za bariamu na strontiamu. Waya mdogo ulio ndani yake hukipasha moto hadi kufikia nyuzi 700 hivi za selsiasi, nacho huanza kutoa elektroni kama sufuria ya maji inavyotoa mvuke. Nje kabisa kuna bati la chuma, anodi, lenye umeme chanya wa volti 250 hivi. Elektroni ni hasi, basi huvutwa mbio kuelekea huko. Kati ya viwili hivyo imezungushwa gridi, waya mwembamba kama ua wa seng'enge. Gridi ikiwa hasi zaidi, elektroni husukumwa nyuma. Ikipunguza uhasi kidogo tu, hupita kwa wingi.

Anayetaka picha ya jambo hili na aende kwenye kibanda cha maji. Mama anayeuza maji hugeuza koki kwa vidole viwili, na mtungi wa lita 20 hujaa. Nguvu iliyojaza mtungi haikutoka kwenye vidole vyake. Imetoka kwenye tangi lililoinuliwa juu, na vidole vimeamua tu maji yatoke lini na kwa kiasi gani. Umeme hafifu wa muziki kutoka kwa simu ndio vidole, gridi ndiyo koki, na umeme wa ukutani ndio tangi. Amplifaya haizalishi nguvu yoyote. Hutumia nguvu kubwa iliyokwishapatikana kuchora upya, kwa ukubwa, umbo la ile ndogo.

Ukilielewa hilo huwezi tena kudanganywa na karatasi iliyobandikwa kwenye sabufa ikitangaza maelfu ya wati. Igeuze sabufa usome nyuma inavuta wati ngapi za stima. Ikivuta wati 40, haiwezi kutoa kwa mfululizo sauti ya wati zaidi ya hizo 40, hata karatasi iseme nini.

Valvu zenyewe zina majina yanayosomeka kama sentensi. Zangu zilikuwa ECC83 moja na EL84 mbili. Katika mpangilio wa Ulaya, herufi E husema kwamba waya wa kupashia moto hutumia volti 6.3. C ni valvu ya sehemu tatu, hivyo CC ni mbili kama hizo ndani ya kioo kimoja. L ni valvu ya nguvu, ya kusukuma spika. Namba 8 husema ina miguu tisa inayoingia kwenye soketi ya kawaida. Marekani ECC83 huitwa 12AX7, na EL84 huitwa 6BQ5. Kwenye seti kutoka China EL84 huja kwa jina la 6P14. Anayekwenda kutafuta ya akiba asirudi mikono mitupu kwa sababu ya jina tu. Na kabla ya kulipa, atazame doa la rangi ya fedha kwenye kioo. Doa hilo hunyonya mabaki ya hewa. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa.

ECC83 hufanya kazi ya kwanza: nusu yake hukuza muziki wa spika ya kushoto, nusu nyingine wa kulia, mara 50 hivi katika mzunguko wa kawaida. Kisha kila EL84 huupokea muziki huo uliokuzwa na kuugeuza kuwa nguvu. Lakini hapo kuna kikwazo. Valvu husukuma umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo, miliampea 48 tu. Spika yenye omu 8 inataka kinyume chake: volti chache, mkondo mwingi. Mwendesha baiskeli anayepanda mlima hubadili gia, na hapa gia ni transfoma ya kutolea sauti. EL84 hupenda mzigo wa omu 5,200 hivi. Gawanya kwa 8 upate 650, tafuta kipeuo cha pili upate karibu 25.5. Basi upande wa valvu waya huzungushwa mara 25.5 kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa spika. Hii ndiyo sababu transfoma ni nzito, na ndiyo maana amplifaya ya valvu ni ghali. Uzito wake ni chuma na shaba.

Kazi ya kulehemu ilinichukua jioni kumi na mbili. Kiungo kizuri hung'aa na kutambaa juu ya waya. Kibaya huwa na rangi ya kijivu na kukaa kama tone la uji uliopoa. Kila rezista niliipima kwa mita kabla ya kuiweka. Mbili zilikuwa na thamani tofauti na iliyoandikwa kwenye mchoro, na kama nisingepima ningetafuta hitilafu hiyo kwa mwezi mzima.

Sasa nasema bila kupunguza neno: kifaa hiki kinaweza kuua. Transfoma hupandisha umeme, diodi huugeuza kutoka mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita huutuliza. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa hivyo hufikia kilele cha volti 325. Kapasita hubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kinga yake ni rezista ya kumwaga umeme. Ya omu 100,000 ikiunganishwa sambamba na kapasita ya mikrofaradi 100 huipunguza hadi chini ya volti 3 kwa sekunde 50. Hata hivyo usiamini hesabu peke yake. Pima kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni, viatu vya mpira miguuni, kisha ndipo uguse.

Hatari ya pili ni ya mtaa wetu. Sanduku la chuma lazima liunganishwe na waya wa ardhi, ili umeme ukivuja fyuzi ikatike badala ya mtu kupigwa. Lakini soketi nyingi za vyumba vya kupanga zina tundu la ardhi lisilounganishwa na chochote, na kuta zetu ni mabati, ambayo husafirisha umeme kutoka chumba hadi chumba. Kwa hiyo nililehemu nyumbani, lakini sikuwasha nyumbani. Nilikibeba kifaa hadi kwenye karakana ya fundi mmoja mzee wa redio, yenye waya wa ardhi uliopimwa na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Asiye na mahali kama hapo asiwashe.

Mara ya kwanza valvu ziliwaka rangi ya chungwa, na kutoka kwenye spika ukaja mvumo mzito. Nikavunjika moyo, lakini mzee akatega sikio na kuniuliza mvumo ni wa mnyama mkubwa au wa nyuki. Swali lile lilikuwa darasa. Stima yetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa 50 hutoka kwenye waya wa kupashia moto ambao haukusokotwa vizuri. Baada ya diodi, umeme hupiga mara 100, na mvumo wa 100 hutoka kwenye kapasita za kutuliza au kwenye njia za ardhi. Wangu ulikuwa wa pili. Nilikuwa nimefunga ardhi ya muziki katika sehemu tatu tofauti za sanduku, nazo zikawa kama njia za mzunguko zinazookota kelele. Nikazikata zote, nikazikutanisha kwenye nukta moja, kama miale ya nyota. Tulipowasha tena, spika zilinyamaza kiasi kwamba nilidhani nimeiharibu.

Kisha tukacheza muziki wa benga. Gitaa la solo lilitoka likiwa na mwili, kila uzi peke yake, na besi ikitembea chini yake bila kulifunika. Ukweli unadai niseme pia vipimo: amplifaya ya kisasa yenye chipu husababisha upotoshaji mdogo kuliko hii, na hugeuza hadi asilimia 90 ya stima kuwa nguvu ya sauti. Yangu huvuta wati 50 hivi na kutoa wati 5 kwa kila spika. Zilizobaki huwa joto. Wati 5 zinatosha kabisa chumba cha futi kumi kwa kumi, lakini kanisa haziwezi kulijaza. Utamu wake una sababu inayopimika. Valvu moja ikifanya kazi hivi huongeza zaidi mlio wa oktavu moja juu ya noti halisi, na sikio huupokea kama sehemu ya noti. Ikizidiwa, hukunja kilele cha wimbi polepole, wakati transista hukikata kama kwa shoka. Ndiyo maana wapiga gitaa duniani kote bado hubeba amplifaya za valvu jukwaani, ingawa transista ilizaliwa katika maabara ya Bell mwaka 1947.

Hata hivyo, faida niliyopata hasa haikuwa utamu huo. Valvu hufanya kazi ya chipu kwa uwazi, kwa ukubwa unaoshikika mkononi. Kathodi unaiona ikiwaka. Kila volti ina mahali pake pa kupimwa. Baada ya kuunda moja, nilifungua sabufa iliyoungua ya jirani na kwa mara ya kwanza sikuanza kwa kubadilisha chipu. Nilipima umeme unaoiingia, nikakuta kapasita ya kutuliza imevimba. Chipu ilikuwa nzima.

Kianda haina upungufu wa vijana wenye mikono myepesi. Wanalehemu simu kwa mwanga wa tochi na kufufua redio zilizotupwa. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwa nini. Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wa Nairobi na mafundi wazee wenye karakana salama: wekeni amplifaya moja ya valvu mezani, iliyofungwa ardhi sawasawa, na mita kando yake. Mwacheni kila mwanafunzi apime volti za kathodi, gridi na anodi, aandike namba zake, kisha aeleze sauti imekuzwaje. Fundi aliyepima hutengeneza. Asiyepima hubahatisha kwa pesa za mteja.