Uhai wa Betri katika Gitaa Kavu lenye Madoido ya Kielektroniki ya Ndani: Namna Betri Inavyoisha na Athari Zake kwa Mpigaji

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini betri ya gitaa kavu lenye madoido ya sauti ya ndani huisha kwa namna isiyofanana na ile ya gitaa kavu lenye kikuzaji cha awali pekee. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti kubwa haimo katika idadi ya saa tu. Imo pia katika namna betri inavyoisha: katika gitaa la zamani hudhoofika taratibu na kutoa onyo linalosikika, ilhali katika gitaa la madoido hufanya kazi kikamilifu hadi dakika za mwisho, kisha huzima. Thamani za mkondo zinazotumika katika hesabu ni za kielelezo, na zimechaguliwa ili kuonesha uhusiano baina ya mambo. Si vipimo vya chapa fulani.

1.0 Utangulizi

Gitaa kavu ni gitaa lenye mwili wa uwazi ambalo hutoa sauti kwa mtetemo wa mbao zake pasipo kuhitaji umeme. Kwa maana hiyo ya asili, suala la betri halikupaswa kulihusu kabisa. Liliingia pale wapigaji walipohitaji kusikika katika kumbi kubwa bila kusimama mbele ya maikrofoni, na waundaji wakatafuta njia ya kugeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme ndani ya gitaa lenyewe.

Njia iliyoenea zaidi ni kihisi cha piezo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walionesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele huzalisha umeme zinapobanwa. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Ovation ya Marekani ilikuwa miongoni mwa zile zilizoanza kuuza magitaa yenye vihisi vya aina hiyo vilivyowekwa kwenye daraja la nyuzi. Ishara inayotoka kwenye kihisi hicho ina ukinzani mkubwa mno, hivyo hudhoofika na kupoteza besi ikipelekwa moja kwa moja kwenye waya mrefu. Kikuzaji kidogo cha awali huwekwa ndani ya gitaa ili kuiandaa, na kikuzaji hicho ndicho kilichohitaji betri.

Hatua ya pili ni ya hivi karibuni. Mwaka 2016 kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta magitaa iliyoyaita TransAcoustic. Ndani yake, kwenye ubao wa nyuma, kumebandikwa kitetemeshi kinachoutikisa ubao huo kwa ishara iliyokwisha kuongezwa mwangwi au korasi. Mpigaji husikia madoido yakitoka katika mwili wa gitaa, pasipo waya wala amplifaya. Umeme wote wa kazi hiyo hutoka katika betri mbili za AA, yaani zile zile zinazotumika katika rimoti na saa za ukutani.

2.0 Nani anayewasha umeme?

Katika gitaa lenye kikuzaji cha awali pekee, kwa kawaida hakuna kitufe cha kuwashia. Kazi hiyo hufanywa na tundu la waya. Tundu hilo lina miguso mitatu, wakati ncha ya waya wa gitaa ina sehemu mbili tu. Ncha inapoingizwa, shina lake la chuma huunganisha mguso wa tatu na upande wa ardhi, na saketi ya betri hukamilika. Waya ukichomolewa, saketi hukatika. Ni ubunifu rahisi na wa gharama ndogo. Kasoro yake ni kwamba mpigaji aliyeegemeza gitaa ukutani likiwa na waya wake anakuwa ameliacha likila betri, hata kama amplifaya imezimwa. Ndiyo asili ya wosia ambao kila mwanafunzi wa gitaa hupewa: chomoa waya.

Wosia huo haulitoshi gitaa la madoido. Kwa kuwa lengo lake ni kupigwa bila waya, haliwezi kutegemea tundu ili kujua kama linatumika. Lazima liwe na kitufe, na kitufe husahaulika kwa urahisi zaidi kuliko waya, kwa sababu waya huonekana na humkwaza mtu miguuni. Gitaa lililowashwa na kuwekwa kwenye mkoba halina tofauti ya nje na lililozimwa, isipokuwa taa ndogo ambayo mkoba umekwisha kuifunika.

3.0 Hesabu ya mkondo

Betri ya volti 9 ya alkalaini, yenye alama 6LR61, imeundwa kwa seli sita ndogo za volti 1.5 zilizoungwa mfululizo. Kwa mkondo mdogo hubeba takriban miliampia-saa 500 hadi 600. Seli moja ya AA ya alkalaini, yenye alama LR6, hubeba takriban miliampia-saa 2,000 hadi 2,800. Ieleweke kwamba seli mbili za AA zikiungwa mfululizo, volti hujumlishwa kuwa 3 lakini miliampia-saa hazijumlishwi. Kosa la kuzijumlisha hujitokeza mara kwa mara, na huwafanya watu watarajie muda maradufu ya ule unaopatikana.

Tuchukue kikuzaji cha awali kinachotumia miliampia 1. Betri ya miliampia-saa 550 itakiendesha kwa saa 550, yaani takriban siku 23 mfululizo. Tuchukue tena gitaa la madoido linalotumia wastani wa miliampia 70 kwa ajili ya prosesa ya kidijitali na kitetemeshi. Seli mbili za AA zenye miliampia-saa 2,100 zitaliendesha kwa saa 30.

Tofauti hiyo hubadilisha uzito wa kusahau. Gitaa la kwanza likiachwa na waya wake usiku kucha, tuseme saa 10, litapoteza miliampia-saa 10, ambazo hazifiki asilimia 2 ya betri. Gitaa la pili likisahauliwa kwa muda huo huo litapoteza miliampia-saa 700, yaani theluthi moja. Mpigaji wa gitaa la kwanza anaweza kusahau mara kadhaa asijue kamwe kwamba alisahau. Wa pili akisahau usiku mmoja na mchana unaofuata, jioni yake atakuta sehemu kubwa ya betri imekwisha. Kwa matumizi ya kawaida ya saa 6 kwa wiki, gitaa hilo la pili litahitaji seli mpya kila baada ya wiki 5. Kifaa cha kuzima chenyewe baada ya dakika kadhaa za ukimya, ambacho katika gitaa la kikuzaji kingekuwa anasa, hapa ni sehemu ya lazima ya muundo.

Inafaa kuuliza kwa nini betri ya volti 9 haitumiki katika gitaa la madoido, ikizingatiwa kwamba jumla ya nishati haitofautiani sana: takriban wati-saa 4.4 kwa betri ya volti 9, na wati-saa 5.25 kwa seli mbili za AA katika mfano uliotolewa. Jibu limo katika ukinzani wa ndani. Seli sita nyembamba zilizobanwa katika boksi dogo hupoteza volti zinapodaiwa mkondo wa ghafla, na kitetemeshi hudai mkondo wa namna hiyo kila nyuzi zinapopigwa kwa nguvu. Seli mbili nene huuhimili mdai huyo vizuri zaidi, na hupatikana kwa bei nafuu zaidi.

Mkondo wenyewe hautulii. Prosesa hutumia kiasi kinachokaribia kuwa kile kile iwe gitaa linapigwa au liko kimya, ilhali kitetemeshi hutumia kulingana na nguvu ya mkono wa mpigaji na kiwango cha madoido alichochagua. Mpigaji wa nyimbo tulivu kwa vidole na mpigaji wa kukwangua nyuzi zote kwa kasi hawapati saa sawa kutoka katika betri zilizonunuliwa siku moja. Kwa hiyo idadi ya saa inayochapishwa katika kijitabu cha maelekezo haina maana kamili pasipo kutaja kiwango cha madoido, nguvu ya upigaji na aina ya seli. Vijitabu vingi hutaja la mwisho tu.

4.0 Betri inavyoisha

Volti za betri ya kikuzaji cha awali zinaposhuka kutoka 9 hadi 7, kikuzaji huendelea kufanya kazi, ila nafasi ya kupitisha ishara kubwa hupungua. Nyuzi zikipigwa taratibu, sauti ni safi. Zikipigwa kwa nguvu, sauti hukwaruza. Mpigaji mzoefu hulitambua onyo hilo na kubadilisha betri kabla ya onesho linalofuata. Kudhoofika huku, ambako kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro, ni taarifa ya bure.

Gitaa la madoido halitoi taarifa hiyo. Prosesa huhitaji volti zisizobadilika, hivyo baina yake na betri huwekwa saketi ya kuzipandisha na kuzisawazisha. Saketi hiyo huficha uchovu wa seli, na kuuficha huko kuna gharama. Tuseme mzigo wote unahitaji wati 0.18. Seli zikiwa mpya, kwa volti 3.0, zitatoa miliampia 60. Zikishuka hadi volti 2.5 zitadaiwa miliampia 72, na kwa volti 2.0 zitadaiwa miliampia 90, hata bila kuhesabu upotevu wa saketi yenyewe. Kadiri seli zinavyochoka ndivyo zinavyodaiwa zaidi. Mteremko wa mwisho huwa mkali, na volti zikifika chini ya kikomo kilichowekwa, mwangwi hukatika katikati ya ubeti. Gitaa hubaki likilia kwa mbao zake, jambo ambalo ni nafuu kubwa kuliko kinanda cha umeme kilichozimika, lakini mpigaji aliyepanga ukimya na mapigo yake kwa kutegemea mwangwi hubaki na wimbo uliojaa mashimo.

Taa ya kuonesha hali ya betri husaidia kwa kiasi. Taa hiyo husoma volti, na volti husimulia habari tofauti kwa kila aina ya seli. Seli ya alkalaini hushuka hatua kwa hatua, hivyo usomaji wake unaaminika. Seli ya kuchajiwa ya nikeli na haidraidi ya metali huanza karibu na volti 1.2, hukaa hapo kwa sehemu kubwa ya muda wake, kisha huporomoka. Taa iliyopangwa kwa alkalaini itaiona seli hiyo kuwa imechoka mapema, na mpigaji atakayezoea kuipuuza ataipuuza pia siku ambayo inasema kweli.

5.0 Kupima na kuchagua

Njia ya kupata idadi ya saa inayoaminika ni kuunganisha kipima-mkondo mfululizo na betri na kusoma hali nne: gitaa likiwa limezimwa, limewashwa bila kupigwa, linapigwa kwa wastani bila madoido, na linapigwa kwa nguvu madoido yakiwa juu kabisa. Hali ya kwanza hupuuzwa, na haistahili kupuuzwa. Gitaa linalovuja miliampia 0.05 tu likiwa limezimwa hupoteza miliampia-saa 438 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia betri nzima ya volti 9, au takriban moja ya tano ya uwezo wa seli mbili za AA zilizotajwa hapo juu, yaani takriban asilimia 21.

Uchaguzi wa seli huanza na kusoma alama. R6 na 6F22 ni seli za zinki na kaboni, ambazo hufaa saa ya ukutani. Zikidaiwa mkondo wa kitetemeshi hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. LR6 na 6LR61 ni za alkalaini. Kwa umbo hufanana kabisa, na katika duka hupangwa rafu moja. Kuchanganya seli mpya na kuukuu ni hatari zaidi, kwani ile dhaifu huisha kwanza na kulazimishwa na mwenzake kupitisha mkondo kinyume, hali inayochochea kuvuja. Kimiminika cha seli ya alkalaini ni haidroksidi ya potasiamu, ambayo hula miguso ya chuma ndani ya kasha la betri. Gitaa litakalokaa miezi bila kupigwa liondolewe seli zake.

Waundaji wameanza kuliepuka suala la seli za dukani kwa kuweka betri ya lithiamu ya kuchajiwa, kama Yamaha ilivyofanya katika gitaa la TAG3 C la mwaka 2024. Gharama ya uendeshaji hupungua, ila mambo mawili hubadilika. Betri hiyo huzeeka, na baada ya mizunguko mia kadhaa ya kuchajiwa uwezo wake huwa umepungua kwa kiasi kinachohisika. Kuibadilisha ni kazi ya fundi. La pili ni la jukwaani. Mwenye gitaa la AA lililozimika wakati wa mapumziko anahitaji seli mbili na dakika moja, ilhali mwenye betri ya lithiamu anahitaji soketi yenye umeme na muda ambao mapumziko hayana.