Setilaiti Huona Kijani, Usubi Hutaka Tope

Ukitaka kujua usubi wa Njiro, jijini Arusha, wanazaliana wapi, pita nyuma ya banda la ng'ombe, pale maji ya kunyweshea yanapomwagika yakachanganyika na samadi. Tope lile ndilo kitalu cha *Culicoides imicola*, mdudu asiyefika hata milimita 3, ambaye jike lake huuma zaidi wakati wa magharibi na alfajiri. Husambaza virusi vya ulimi wa bluu kwa kondoo, na vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ulimi wa bluu haumwambukizi binadamu. (Usubi waletao upofu kando ya mito ni jamii nyingine kabisa.)

Kutega kila boma kuanzia Njiro hadi miteremko ya Mlima Meru hakuwezekani. Mtafiti huchagua mabanda machache, akaning'iniza taa yenye feni inayovuta wadudu hadi kwenye chombo cha maji ya sabuni. Asubuhi huwatambua kwa madoa ya mabawa, chini ya hadubini. Kompyuta ndiyo hulinganisha idadi hiyo na joto, mvua, udongo na ukijani wa mimea unaopimwa na setilaiti, kisha huchora ramani inayokadiria idadi mahali pasipotegwa.

Matthew Baylis na wenzake walifanya hivyo Moroko, wakachapisha mwaka 1998: usubi walikuwa wengi pale ukijani usipopungua sana hata wakati wa kiangazi, na wachache penye upepo. Afrika Kusini udongo nao ulionekana kuwa na usemi, maana mchanga hunywa maji upesi ilhali mfinyanzi huyashikilia.

Joto nalo lina nafasi yake: Mlima Meru una mita zaidi ya 4,500, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, virusi vya magonjwa hayo haviongezeki ndani ya mdudu. Kwa hiyo ramani ya usubi si ramani ya ugonjwa, ingawa wengi huzichanganya.

Tatizo la mjini ni ukubwa wa kipande cha picha. Baadhi ya setilaiti za kufuatilia mimea hupima vipande vya mita 250 kwa 250. Kipande kimoja Njiro humeza nyumba, bustani inayomwagiliwa, shamba la migomba na zizi, vyote vikatoka rangi moja. Bomba linalovuja halionekani. Na mtego uliotoka mtupu usiku wa upepo si ushahidi kwamba usubi hawapo.

Haya yanawahusu hata wanyama wa porini. Pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi bila kuonyesha dalili. Mwaka 1987 pundamilia waliotoka Namibia waliviingiza Hispania. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ina makao makuu hapahapa Arusha.

Kwangu mimi, faida kubwa ya ramani ni kuonyesha mtego unaofuata uwekwe wapi: pale kompyuta inapositasita. Ningeanzia mabanda ya kando ya Mto Themi, nikapanda hadi Ilboru, kabla ya masika na baada yake.