Upasuaji wa Ngozi Nene ya Viganja na Nyayo

Yapo maradhi adimu ya kurithi yanayofanya ngozi ya viganja na nyayo kuwa nene na ngumu kama kwato. Kitaalamu huitwa keratoderma. Mojawapo hutokana na kasoro katika jeni ya keratini namba 9, protini inayoundwa hasa katika viganja na nyayo. Mzazi mmoja akiwa na aina hii, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Maradhi haya hayaambukizi, wala si kurogwa.

Tuchukulie fundi muashi wa Madale mwenye hali hii. Saruji humkausha ngozi, nyufa huchimbika, vidole hujikunja, na mwiko humshinda kushika. Akijikwangua kwa wembe, hufungulia mlango vijidudu, vikiwemo vya pepopunda.

Mhudumu wa afya aanze kwa kupima hisia. Ukoma nao huleta nyufa za nyayo, lakini huua hisia. Mwenye keratoderma kwa kawaida huendelea kuhisi. Fangasi nao wachunguzwe.

Matibabu ya kwanza ni kuloweka na kupaka marhamu yenye urea au asidi ya salisiliki. Wachache hupewa vidonge vya asitretini. Vidonge hivi hudhuru mimba: mwanamke asishike mimba akivitumia, wala ndani ya miaka 3 baada ya kuviacha.

Upasuaji hufikiriwa katika hali mbili. Ya kwanza ni pete ya ngozi inayokaba kidole. Daktari huichana kwa umbo la herufi Z ili damu ipite. Ikicheleweshwa, kidole huweza kufa na kukatika. Ya pili ni ngozi iliyolemaza mkono licha ya dawa. Hapo huondolewa ngozi nene pamoja na tabaka lililo chini yake, kwa kuwa seli za tabaka hilo ndizo huiamuru ngozi ya juu iwe ya kiganja. Likiachwa, unene huweza kurudi. Kisha hupandikizwa ngozi kutoka pajani, mkono hufungwa banzi, na mazoezi ya viungo hufuata.

Kisu hakibadilishi jeni. Unene huweza kujirudia, hasa pembezoni mwa kipandikizi, na mafuta ya kupaka hayaachwi. Hata hivyo, mkono unaofunguka tena ni riziki iliyookolewa. Anayeona pete ikianza kukaba kidole aende kituo cha afya mapema, apewe rufaa Mwananyamala na, ikibidi, Muhimbili.