Je, Wajua? Ferrari Nayo Huuzwa kwa Mali Kauli

Mfanyabiashara wa Kariakoo asiye na mtaji huchukua mzigo kwa jirani, akauuza, jioni akarudisha fedha ya mwenye mali na kubaki na cha juu. Hiyo ndiyo mali kauli. Kule Marekani na Uingereza, magari ya michezo ya bei mbaya kama Ferrari, Lamborghini na McLaren huuzwa kwa mtindo wa karibu na huo: mwenye gari hulikabidhi kwa muuzaji, linauzwa kwa niaba yake, kisha kila mmoja anapata chake. Sakafu ya yadi hizo inang'aa kama kioo, ila maswali yanayoulizwa pale ni yaleyale ya Kariakoo. Bei ni ya nani? Karatasi ziko wapi? Na fedha italetwa lini?

1. Gari lipo yadini, lakini si la yadi

Ukiingia duka la magari ya kifahari ukakuta Ferrari kumi zimepangwa, usidhani tajiri wa duka amezinunua zote. Gari la dola 200,000 likikaa miezi sita bila mteja, mtaji wa aliyelinunua umelala miezi sita. Akilipokea kwa kuliuza kwa niaba, hatoi hata senti. Kadi ya gari hubaki kwa jina la mwenyewe mpaka mnunuzi alipe. Mwenye gari naye anaondokewa na kero ya wageni wanaobisha hodi nyumbani wakitaka "kulijaribu kidogo tu", wengine wakiwa hawana hata fedha ya mafuta yake.

2. Cha juu kina sura mbili

Sura ya kwanza ni asilimia. Muuzaji hukata sehemu ya bei, mara nyingi kati ya 5 na 10 kwa mia. Sura ya pili dalali yeyote wa Dar es Salaam ataitambua: mwenye mali anataja bei anayotaka mkononi, na chochote kitakachozidi ni cha muuzaji. Njia hii ya pili inapendeza kwa urahisi wake, lakini ina giza. Mwenye gari akipewa dola zake 150,000 anafurahi, asijue kama mnunuzi alilipa 155,000 au 190,000. Ndiyo maana wajuzi hudai mkataba useme wazi kwamba wataonyeshwa hati ya mauzo yenyewe. Pia huandika nani analipia usafiri, ukaguzi na matengenezo, na gari litaruhusiwa kutembea maili ngapi kwa majaribio.

3. Bei kubwa si lazima ilete fedha nyingi

Chukua mfano wa Florida, ambako kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6. Mtu anataka gari jipya, na la zamani analo. Muuzaji anamwambia: niachie hilo kwa dola 150,000, nikupunguzie kwenye bei ya jipya. Jirani anamwambia: usikubali, mpe mtu akuuzie kwa 170,000.

Tupige hesabu. Kwenye 170,000, kamisheni ya asilimia 8 ni 13,600, kwa hiyo zinabaki 156,400. Lakini Florida hutoza kodi kwenye tofauti tu, pale gari la zamani linapoachwa kwa muuzaji kama sehemu ya malipo. Kwa hiyo 150,000 zile zinaokoa kodi ya dola 9,000, na faida yake inafika 159,000. Bei ndogo imeishinda kubwa kwa dola 2,600. California haina nafuu hiyo, na pale jirani angekuwa na hoja.

4. Kuna magari ambayo injini hushushwa ili kubadilisha mkanda

Ferrari F355, iliyotengenezwa miaka ya 1994 hadi 1999, ina mkanda wa taimingi mbele ya injini, na injini yenyewe iko nyuma ya viti, imebanwa na ukuta wa gari. Fundi haufikii mkanda mpaka aishushe injini nzima. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka michache hata kama gari halikutembea, kwa sababu mpira huzeeka ukiwa umekaa. Iliyofuata, 360 Modena, iliwekewa kidirisha nyuma ya viti ili mkanda ufikiwe bila kushusha kitu. F430 ya mwaka 2004 ikaja na cheni, mkanda ukaisha kazi.

Basi F355 mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana bei kwa maelfu ya dola, kwa sababu tu moja ina risiti ya mkanda mpya na nyingine ina ahadi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mnunuzi anataka kuona bili ya muundaji.

5. Gia za mkono zimegeuka dhahabu

Mwaka 1997 Ferrari ilileta kwenye F355 gia zinazobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, teknolojia iliyotoka kwenye mashindano ya Formula 1. Wateja waliikimbilia, na gia za mkono zikaonekana za kizee. Leo mambo yamepinduka. Kwenye 599 GTB Fiorano, magari ya gia za mkono yanatajwa kuwa 30 tu duniani, na bei yake imeyaacha mbali ndugu zake wa vidole. Aliyeonekana mshamba wakati ule ndiye anayecheka sasa.

Gia za vidole zina jambo jingine la ajabu. Kompyuta ya fundi ikichomekwa, inataja klachi imelika kwa asilimia ngapi. Hakuna kubahatisha kwa mguu, na mnunuzi makini huiomba namba hiyo kabla hajauliza bei.

6. Vitufe vya Ferrari hunata kama pipi

Ferrari nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilipakwa kwenye vitufe na plastiki za ndani rangi laini, tamu kuigusa. Miaka ikipita, joto huigeuza kuwa ulimbo. Ukibonyeza kitufe cha kioo, kidole kinarudi na weusi. Wapo mafundi ambao kazi yao kubwa ni kuondoa ulimbo huo na kupaka upya, na muuzaji mwerevu huimaliza kazi hiyo kabla gari halijapigwa picha. Mteja anayesamehe kelele ya injini hasamehi kunata.

7. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa

Hili litakufaa hata kama unaendesha Corolla. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 2319 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la michezo hukaa gereji muda mrefu, kwa hiyo tairi zake zinaweza kuwa na meno yote na bado zikawa zimekauka. Mkaguzi huzisoma tarehe kwanza, kisha hupitisha kipimo cha unene wa rangi juu ya bati. Mahali penye rangi nene kuliko kwingine ndipo gari lilipopakwa upya, na pengine ndipo lilipogongwa.

8. Herufi tatu hazimo kwenye namba ya chesisi

Tangu magari ya mwaka 1981, namba ya chesisi kwa magari ya soko la Marekani ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hutakuta I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ya Ferrari kwa kawaida huanza na ZFF, ya Lamborghini na ZHW. Hiyo Z ni ya Italia. Sisi tuliozoea magari yaliyotumika Japani huona namba fupi zaidi, kwa sababu magari ya soko la ndani la Japani yana mpango wake.

Namba hiyo ndiyo mlango wa historia ya gari, na mali bila daftari hupotea bila habari. Ferrari yenyewe, kupitia idara yake ya Classiche kule Maranello, hukagua magari yaliyotimiza miaka 20 na kuyapa cheti kinachosema kama injini na giaboksi ni zile zile zilizotoka nazo kiwandani. Cheti hicho husafiri na gari kutoka mmiliki hadi mmiliki.

Na maili je? Sheria ya Marekani inamtaka anayeuza gari aandike na kutia sahihi maili lililotembea. Zamani wajibu huo uliisha gari likitimiza miaka 10. Kwa magari ya mwaka 2011 na kuendelea, sasa ni miaka 20.

9. Mr. Bean aligonga mara mbili, gari likapanda bei

Rowan Atkinson, anayejulikana kwetu kwa jina la Mr. Bean, alinunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa pauni 540,000. Magari hayo yalitengenezwa 106 tu. Mwaka 1999 aligonga gari jingine kwa nyuma. Mwaka 2011 aliacha barabara karibu na Peterborough, akagonga mti. Bima ililipa takriban pauni 910,000 kulitengeneza, na kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Mwaka 2015 gari hilohilo, likiwa limetembea kama maili 41,000, liliwekwa sokoni kwa muuzaji wa London kwa bei ya pauni milioni 8. Lilikuwa limetengenezwa na McLaren wenyewe, kila hatua ikiwa na karatasi yake. Ajali iliyoandikwa haimtishi mnunuzi kama ajali iliyofichwa.

10. Papa aliwahi kumiliki Ferrari

Ferrari ilitangaza kutengeneza Enzo 399. Kisha ikaunda la 400 na kumpa Papa Yohane Paulo wa Pili, liuzwe kusaidia waathirika wa tsunami ya Desemba 2004, mawimbi yaliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Papa alifariki Aprili 2005, na mwaka huohuo gari likapigwa mnada kwa euro 950,000. Mwaka 2015 liliuzwa tena Marekani kwa dola 6,050,000. Chuma ni kilekile cha Enzo nyingine. Kilichoongezeka ni jina la mmiliki wa kwanza.

11. Unaweza kuwa na gari usiloruhusiwa kuuza

Mcheza mieleka John Cena alinunua Ford GT ya mwaka 2017. Wanunuzi wa gari hilo walichaguliwa na kampuni, na walisaini kwamba hawataliuza kwa miezi 24. Cena aliliuza baada ya muda mfupi. Novemba 2017 Ford ikamshtaki, na mwaka 2018 wakapatana: aliomba radhi, na fedha za mapatano zikaenda kwa hisani. Kwa hiyo muuzaji anayepokea gari jipya la toleo adimu huuliza kwanza, "Ulisaini nini ulipolinunua?"

12. Anayemdai muuzaji anaweza kulitazama gari lako

Muuzaji akifilisika, wadai huja kuhesabu kilichomo yadini, na Ferrari yako imo. Ndiyo maana Marekani kuna fomu iitwayo UCC-1, inayowasilishwa kwenye ofisi ya jimbo ili kila mdai ajue kwamba mali fulani si ya mwenye duka. Mawakili huyashauri hasa makampuni yanayoacha magari yao kuuzwa yasiipuuze. Bima nayo mwenye gari haikatishi kwa sababu tu gari limelala kwa mwingine.

13. Dalali anaweza kuliuza chini ya bei yako, na likaenda

Hili ndilo linalowashangaza wengi. Katika kesi ya Folkes dhidi ya King, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1923, mwenye gari alimkabidhi wakala gari lake na kumwambia asiliuze chini ya pauni 575 bila ruhusa. Wakala akaliuza kwa 340, akala fedha. Gari likapita mikononi hadi kwa King, na mwenyewe akalidai. Akashindwa. Kwa sheria ya mawakala ya mwaka 1889, ukimpa mtu wa biashara hiyo gari lako kwa hiari ili aliuze, mnunuzi asiyejua hila hulindwa. Wewe unabaki kumdai wakala, ukimpata. Marekani nayo ina kanuni ya aina hiyo katika ibara ya 2-403 ya sheria yao ya biashara.

Lakini iko kesi ya pili, ya Pearson dhidi ya Rose & Young, iliyoripotiwa mwaka 1951. Pearson alimwachia muuzaji gari amtafutie wateja. Kadi ya gari hakukusudia kuiacha. Muuzaji alimchezea ujanja, mwenyewe akaondoka akiisahau pale, na gari likauzwa pamoja na kadi. Mahakama ya Rufaa ilisema gari lilitolewa kwa hiari, ila kadi haikutolewa, na gari lisilo na kadi halihesabiwi kuwa limekabidhiwa kamili kwa kuuzwa. Folkes alipoteza gari. Pearson alishinda kwa sababu ya karatasi aliyoisahau.