Mabati 24: Nyumba ya Lusangi ni ya Nani?



Juma hili tunaongea juu ya nyumba. Hapa Lusangi, sawa na vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare, nyumba inajengwa na watu wawili. Baba anakata miti na kupiga matofali. Mama anachota maji ya kukandia udongo, anapikia wanaosaidia kazi, anabeba nyasi za paa. Na siku nyasi zinaposhuka na mabati yanapopanda, ukiuliza feza zimetoka wapi, utaambiwa: bidoni za mawese, magunia ya mpunga, karanga. Nani alikamua mawese? Nani alipalilia mpunga? Sisi tunajua.

Mama mmoja wa huku kwetu, jina hatulitaji, alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Mabati yake yalikuwa 24. Yeye na mume wake waliyanunua mawili mawili, matatu matatu, kila mavuno, na vijana wa kinga waliyaleta yamefungwa kwa kamba. Mume akafariki. Matanga hayajaisha, wadogo wa marehemu walisimama uani wakitazama juu. Walikuwa wanahesabu.

"Shemeji," walimwambia, "ulikuja hapa na kikapu tu. Nyumba ni ya ukoo wetu."

Mama hakuwa na la kujibu, wala karatasi ya kuonyesha. Alirudi kwao na watoto watatu na sufuria mbili. Paa likashushwa, na mvua ya kwanza ikaanza kula kuta alizozikandia kwa mikono yake.

Wengi tunasema: ndiyo desturi. Lakini Leta haisemi hivyo. Inchi yetu ina Sheria ya Familia tangu mwaka 1987, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Tuyapime maneno yake kwa mabati yale yale 24.

Kwanza, kama mume na mke hawakuchagua mpango mwingine siku ya kuandikisha ndoa, mali waliyoipata pamoja ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kwa hiyo mabati 12 ni ya mama mwenyewe. Hayo si urithi, ni jasho lake. Yanayobaki kwa kugawanywa ni 12 ya marehemu.

Pili, katika hayo 12, watoto wanapata robo tatu, yaani mabati 9, msichana sawa na mvulana. Yanabaki 3. Moja ni la mjane. Moja ni la wazazi wa marehemu. Moja ni la ndugu zake, wagawane wote.

Tazameni vizuri, wamama. Wale waliosimama uani wakihesabu 24, sehemu yao wote pamoja ni bati moja.

Na hata hilo moja hawawezi kupanda juu kuling'oa. Sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake na kutumia vyombo vilivyomo. Inampa pia kutumia nusu ya shamba lililoungana na nyumba, lile ambalo marehemu alililima mwenyewe. Nusu nyingine ni ya watoto. Haki hiyo inakwisha akiolewa tena na kukaa na mume mpya mle ndani.

Kwa wale walio Waislamu, na huku kwetu ni wengi, wanajua kwamba dini nayo haimwachi mjane mikono mitupu: mwenye watoto ana thumni yake, yaani sehemu moja katika nane. Hesabu ni tofauti na ile ya Leta, lakini hakuna upande unaosema mama atoke na sufuria mbili.

Basi kwa nini yule mama alitoka? Kwa sababu haki iko Kasongo na yeye yuko Lusangi, na katikati kuna njia.

Ndoa yake ilikuwa halali kwa mila. Mahari ilitolewa, wazee walikula na kunywa. Sheria inaitambua ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe. Kuandikisha ni safari. Katika mvua, barabara inakuwa matope, malori yanalala njiani, madaraja ya miti yanachukuliwa na maji. Unapanda moto ukiwa na feza. Usipokuwa nazo unatembea, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Mama anajiambia: nitakwenda kiangazi. Kiangazi kinafika, kuna shamba la kufyeka. Miaka kumi inapita hivyo.

Lakini tukumbuke sisi ni watoto wa nani. Mgeni Livingstone alipofika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwaka 1871, aliwakuta wanawake ndio wenye soko. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wamebeba mihogo, samaki na vyungu. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki pale sokoni, na bibi zetu wengi walikufa, wengine kwa risasi na wengine majini. Hata hivyo masoko hayakufa. Wanawake wa inchi hii hawajawahi kuogopa njia. Njia ile ile tunayopeleka mawese inaweza kutuletea cheti.

Basi tufanye nini?

Tuandikishe ndoa zetu. Mume na mke wanakwenda pamoja kwenye ofisi ya Leta inayoandika ndoa na vizazi, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Chagueni siku ya soko, ili safari moja ifanye kazi mbili.

Tuandikishe watoto ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mtoto mwenye cheti haulizwi baba yake ni nani siku ya kugawa mali.

Kwa kiwanja na shamba, tuombe karatasi kwa chifu mbele ya mashahidi, na majina yawe mawili: la baba na la mama. Tangu mwaka 1973 udongo wote ni wa Leta, lakini Katiba ya mwaka 2006 inalinda mali mtu aliyoipata kwa sheria au kwa mila. Na tujue kwamba nyumba au kiwanja cha ndoa havitakiwi kuuzwa bila mume na mke kukubaliana.

Mama aliye mke wa pili asidanganywe: sheria ya Leta inaandika ndoa na mke mmoja tu. Lakini watoto wake, kama baba aliwatambua akiwa hai, wanarithi sawa na wenzao. Amwombe baba awatambue sasa, mbele ya ofisi.

Na tuongee na waume zetu wakiwa wazima. Msianze na kifo. Anzeni na watoto: "Baba watoto, tukitoka leo, hawa watalala wapi?" Baba mwenye akili hakasiriki kwa swali hilo.

Kwa vikundi, tuna pendekezo moja. Likilimba tunayo, na kila zamu mama mmoja anapokea. Tuongeze kisanduku kidogo cha pembeni, kila mmoja atie kiasi anachoweza, kiwe cha safari ya vyeti. Kila mwezi kikundi kinasindikiza familia mbili au tatu. Wakienda wengi, njia inakuwa fupi, na mama haogopi kuuliza dirishani.

Yule mama wa mabati 24 siku hizi anakaa kwa kaka yake. Binti yake mkubwa ameolewa mwaka huu. Kabla hajahamia kwa mume wake, mama alimshika mkono, akampeleka yeye na mkwe wake ofisini. Walirudi jioni wamelowa matope mpaka magotini, cheti kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimekauka.