Alama ya amani kabla ya sadaka

Ikitajwa Misa ya Zaire, wengi huanza na ngoma, kucheza kuizunguka altare na wahudumu wenye mikuki. Lakini kwa mji kama Bunia, makao makuu ya Ituri mashariki mwa Kongo, alama nzito kuliko zote katika ibada hiyo haishikiki mkononi: ni mahali ilipowekwa toba. Kitabu cha misa hiyo kiliidhinishwa na Roma mwaka 1988, baada ya miaka mingi ya kazi ya maaskofu wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, Kardinali Joseph-Albert Malula akiwa mstari wa mbele. Katika misa ya kawaida ya Kirumi waamini huungama mwanzoni kabisa, na hupeana amani komunyo inapokaribia. Wakongo walipanga upya: Neno na mahubiri, kisha toba, na papo hapo kupeana amani, ndipo sadaka iletwe. Ndivyo baraza la wazee linavyokwenda. Shauri husikilizwa, mwenye kosa hukiri, watu hupatana, halafu hula pamoja. Baada ya vita vya 1999 hadi 2003, vilivyowatenga makabila ya Wahema na Walendu mpaka mitaa ya Bunia ikagawanyika, mpangilio huo una uzito ambao mkuki hauna. Kwingine mkuki ni heshima ya chifu, Ituri umeshaua. Parokia za huku zikiuacha, sioni zitakachopoteza.

Wapo wanaosema kuwataja wahenga kanisani, kama misa hii inavyofanya, ni kurudia mizimu. Ibada yenyewe huanza na watakatifu, kisha huwataja wahenga waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, si kila marehemu wa ukoo. Swali gumu zaidi ni hili: katika nchi iliyopigana kikabila, wahenga wa nani? Hapo ningemweka mbele mtawa Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 huku akimsamehe muuaji wake, akatangazwa mwenyeheri mwaka 1985. Hakuna upande wa vita vya Ituri unaoweza kumdai kuwa wake peke yake.

Wengine watauliza: amani hiyo ya Jumapili imezuia mauaji gani? Ni kweli, waliopigana wengi walikuwa wabatizwa. Lakini palipo na utaratibu huu, chuki haipati pa kujificha. Anayemnyima jirani mkono kabla ya sadaka ameonekana na kanisa zima, na wazee wa parokia wana haki ya kumwuliza kesi yake na jirani huyo imefikia wapi.