Mshahara wa Amri ya Muda: Kipi Hurudishwa?

Mfanyakazi amefukuzwa, ameshtaki, ameshinda. Mahakama ya kazi imeamuru arudishwe kazini na mwajiri amekata rufani. Rufani huweza kuchukua miaka, na katika muda huo mahakama ya juu inaweza kuagiza alipwe mshahara huku kesi ikiendelea. Kisha siku moja uamuzi wa kwanza unatenguliwa. Fedha alizokwisha kupokea, na ambazo pengine zilishalipa kodi ya nyumba na ada za watoto, ni za nani?

Nchini India swali hili limejibiwa kwa kina, na majibu yake hayako mbali nasi. Tanganyika ilitumia Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908 hadi mwaka 1966. Kifungu chake cha 144, kinachohusu marejesho, kina ndugu yake katika kifungu cha 91 cha sheria ya Kenya. Msingi wake ni kwamba hukumu ikibadilishwa au kutenguliwa, aliyefaidika nayo hurejesha alichopata, ili wahusika wawe pale ambapo wangekuwa kama hukumu ile isingetolewa. Mwaka 2003, katika shauri la mrabaha wa makaa ya mawe lililohusu kampuni ya South Eastern Coalfields, Mahakama ya Juu ya India iliuweka msingi huo hata kwa amri za muda: mtu asiumizwe kwa kitendo cha mahakama, na aliyeshindwa mwishoni asibaki na faida aliyoipata njiani.

Kanuni hiyo ikiachwa peke yake, ni katili kwa mfanyakazi. Kampuni inaweza kurejesha mrabaha. Fundi aliyeachishwa kazi hawezi kurudisha unga alioula. Ndiyo maana Bunge la India, kwa marekebisho ya mwaka 1982, liliingiza kifungu cha 17B katika Sheria ya Migogoro ya Viwanda ya mwaka 1947. Mwajiri anayepinga amri ya kumrudisha mtu kazini alitakiwa, wakati shauri likisubiri, kumlipa mshahara wake kamili wa mwisho, mradi mfanyakazi aape kwa hati ya kiapo kwamba hana ajira mahali pengine.

“Mshahara wa mwisho” ndiyo maneno yaliyozua mzozo. Tuseme mtu alifukuzwa akipokea rupia 4,000, na miaka ikapita hadi wenzake wa cheo kile wakafika 10,000. Alipwe kipi? Katika shauri la Dena Bank, mwishoni mwa miaka ya 1990, Mahakama ya Juu ilisema kifungu kinamaanisha kile alichokuwa akipokea siku alipoondolewa, yaani 4,000. Ikaeleza kwamba fedha hizo ni kama posho ya kujikimu, na hazidaiwi tena hata mwajiri akishinda. Lakini mahakama ya juu, kwa mamlaka yake ya kikatiba, inaweza kuagiza alipwe zaidi ya hapo. Ikifanya hivyo, inafaa itoe maelekezo ya namna ziada itakavyorudishwa ikiwa uamuzi utatenguliwa. Kwa mfano wetu, 4,000 zimekwenda kihalali. Zile 6,000 za kila mwezi ndizo zenye deni juu yake.

Naona mgawanyo huu ni wa haki, na uzito wake uko katika lile sharti la maelekezo. Jaji anayeagiza ziada huku akinyamaza kuhusu marejesho humwachia mfanyakazi mtego: mtu hupokea fedha zilizoidhinishwa na mahakama na kuzitumia kwa imani. Sharti likiandikwa ndani ya amri, anajua tangu mwezi wa kwanza kwamba sehemu ya fedha ile haijawa yake.

Wengi huchanganya suala hili na mshahara uliozidi kwa kosa la mwajiri mwenyewe. Huko, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India wa Desemba 2014 katika shauri la jimbo la Punjab, watumishi wa ngazi za chini, wastaafu na wale waliobakiza mwaka mmoja kustaafu wana kinga, na vilevile malipo yaliyoendelea zaidi ya miaka mitano kabla ya amri ya kudai. Kinga hiyo humlinda asiyejua kwamba analipwa zaidi. Aliyeomba amri ya muda yeye mwenyewe alijua kesi haijaisha, hivyo ni vigumu aegemee hapo. Vivyo hivyo aliyesaini ahadi ya kurejesha: mwaka 2016, afisa wa mahakama wa Haryana aliyeweka saini ya namna hiyo aliamriwa arudishe, ila kwa awamu za kila mwezi katika miaka miwili.

Awamu ni jambo la kupiganiwa. Nchini Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, na mwajiri anayetaka kukata mkupuo mmoja akumbushwe hivyo. Mdaiwa naye adai hesabu ya mwezi kwa mwezi inayotenganisha posho ya kujikimu na ziada, na inayoonyesha kodi na michango iliyokatwa kabla fedha haijamfikia. Anayeombwa kurudisha jumla ambayo sehemu yake haikupita mkononi mwake ana hoja ya kupeleka kwa jaji kabla ya kusaini chochote.